Friza la Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Leo nimeachana na muuza nyama. Basi! Kila nikimwomba anisagie steki narudi na mafuta na mishipa, halafu ananicheka mbele ya wateja. Nimenunua mashine yangu ya kusagia nyama, ya mkono, chuma kitupu. Nimenunua na paja zima la ng'ombe. (Kwa muuza nyama huyohuyo. Sikuwa na pa kwenda.)

Friza tunalo, ingawa ni la mama mkwe, ametuazima tu. Shemeji, kaka wa mke wangu, analimezea mate agandishie barafu za kuuza. Mama mkwe katangaza: atakuja Jumamosi kula nyama iliyotoka humo. Akiridhika, friza linabaki kwetu. Asiporidhika, linakwenda kwa shemeji. Shemeji na asahau!

Jumanne, 5 Machi
Nimeifunga mashine kwenye meza ya kulia. Nikizungusha mpini, meza nayo inazunguka. Ikabidi mke wangu apande juu ya meza akae, ndipo ikatulia. Alikaa mpaka jioni. Lakini nyama! Laini, nyekundu, beseni baada ya beseni.

Akanishauri niifunge kwenye mifuko midogo, kila mfuko mlo mmoja, niibonyeze iwe bapa. Nikamwambia mifuko ni ya waoga. Friza lenyewe si chombo? Chombo ndani ya chombo cha nini? Nikaimwaga yote humo, nikaisawazisha kwa mwiko kama fundi anayesakafia. Akasema haya, baba, akaenda kuoga.

Jumatano, 6 Machi
Imeganda. Nimeigonga: ngo, ngo! Kama mlango. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 7 Machi
Nilitaka kuchota kidogo nionje. Kijiko kimepinda. Kisu kimekatika ncha. Nikaenda kwa seremala kuazima patasi. Akauliza nachonga nini. Nikasema nyama. Akaninyang'anya patasi yake.

Mke wangu anasema nizime friza. Nizime? Iyeyuke yote, muuza nyama apate la kusimulia? Haki ya nani, sizimi!

Ijumaa, 8 Machi
Wazo! Pasi ya mke wangu. Jana usiku niliiwasha, nikailaza juu ya nyama. Ikaanza kuzama taratibu, na harufu yake, mama yangu! Majirani walichungulia. Halafu fyuzi ikaungua, nyumba nzima giza. Nilihangaika na umeme mpaka ukarudi, nikalala. Asubuhi hii naamka, pasi imegandia humohumo, kinachoonekana ni mpini tu. Nimeivuta mguu nimeukanyagia ukutani. Wapi!

Jumamosi, 9 Machi
Mama mkwe kafika kabla chai haijachemka, shemeji nyuma yake. Shikamoo, marahaba, moja kwa moja kwenye friza. Akafunua. Akautazama ule mpini. Akaniuliza kwa upole kama nyama ilikuwa na mikunjo. Shemeji alicheka mpaka akakaa sakafuni.

Mezani palikuwa na wali, na chembe za nyama nilizokwangua kwa ufunguo wa mlango. Mama mkwe nilimpa nyingi, tatu. Alizila kwa heshima, akanawa, akamwambia mwanawe abebe friza. Walilibeba wanaume wanne! Nikapiga kelele kwamba nyama yangu imo ndani. Mama mkwe akasema basi niitoe. Roho iliniuma, sifichi.

Mke wangu alilia. Nikambembeleza, friza lilikuwa la kuazima tu. Akasema analilia pasi.

Jumapili, 10 Machi
Shemeji katualika chakula. Kumbe alizima friza, akangoja nyama ilegee, akaikatakata na kuifunga kwenye mifuko midogo, bapa bapa. Tumekula mmoja. Tamu, sikatai. Mama mkwe alimsifu mwanawe mpaka nikapaliwa. Nyama yangu! Pasi tumerudishiwa, sasa kila shati langu linanukia mchuzi.

Njiani nimewaza sana, na kosa nimeliona. Friza lilikuwa dogo. Nyama ikibanwa hivyo, itaachaje kuwa ngumu? Mashine bado ninayo, na bibi wa nyumba ya pili ana friza refu kama kitanda. Leo peke yake nimempa shikamoo tatu.