Mzimu wa Mama Mkwe

Mji ulikuwa umemwishia Kinanda. Mkulima huishiwa na mbegu, tapeli huishiwa na wajinga. Alishamliza muuza nyama, alishamliza kinyozi, hata alishamuuzia mwenye nyumba wake mabati ya paa lake mwenyewe. Sasa kila alipopita, madirisha yalifungwa kama mvua inakuja. Dawa ilikuwa moja tu: apate gari, akimbilie mji ambao haujamsikia.

Ndipo akaingia duka la Mama Magodoro. Mjane huyu alikuwa na ghala mbili, gari jeupe na hamu moja ya kutengeneza filamu. Siku hiyo alikuwa ameketi juu ya godoro la maonyesho, anatazama filamu ya kutisha ya nchi ya mbali. Watu wa humo waliongea lugha ya kukoroma na kusukutua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hivi hawa wanasema nini?"

Kinanda akaona mlango umejifungua wenyewe. "Hukuambiwa kwamba nimeishi kwao miaka saba? Nimepika, nimefua, nimependa, nimeachwa, yote kwa lugha hiyo."

"Pole kwa kuachwa. Basi nitafsirie, niitengeneze upya kwa ajili ya watu wetu. Lakini iwe ya kutazamwa na familia nzima. Ikibaki ilivyo, watazamaji watakimbia na viti."

Wakakubaliana. Kinanda atatafsiri, karani wa duka ataandika, tena Kinanda ataleta ruhusa ya mtunzi, ambaye eti walikula naye sahani moja. Ujira wake ni gari jeupe.

Kazi ikaanza. Kwenye kioo, kabati lilifunguka, bibi kizee mwenye nywele zinazochuruzika maji akatoka, akanguruma neno moja.

"Anasema," Kinanda akatafsiri, "'Mwanangu umemlisha nini, mbona amebaki mifupa?'"

"Neno moja ndiyo yote hayo?"

"Lugha yao hukunjwa, mama. Kama yale magodoro yako ya kubanwa kwenye mfuko: ukiyafungua yanajaza chumba."

"Kumbe ni mama mkwe!"

"Mama mkwe, tena marehemu. Amefufuka kukagua jiko."

Bibi kizee akatambaa darini kichwa chini.

"Na huko anatafuta nini?"

"Utando wa buibui. Anataka ushahidi kwamba mkamwana ni mvivu."

Karani alicheka hadi kalamu ikamponyoka. Kinanda naye, lazima tukiri, alinogewa. Hakuwahi kusema uongo mtamu kama ule, na kwa mara ya kwanza maishani akarudi kurekebisha sentensi, si ili aaminiwe, bali ili ipendeze.

Siku ya mwisho alileta barua ya ruhusa, imegongwa muhuri aliouchonga kwenye kiazi. Mama Magodoro akaifungia kwenye mtoto wa meza, kisha akatoa karatasi nyingine.

"Isije ikasemwa umetia chumvi. Weka sahihi kwamba hakuna neno hata moja lililo lako."

"Hata nukta si yangu, mama," Kinanda akasema, akatia sahihi yenye mikia mitatu.

"Gari utalichukua siku filamu ikionyeshwa."

Filamu ikapigwa upya kwa waigizaji wa hapa hapa, siku ikafika, alasiri, ukumbi umefurika hadi watu wamepakatana. Kinanda akamkuta Mama Magodoro mlangoni.

"Funguo, mama?"

Mama akamjibu kwa kukoroma na kusukutua, sentensi ndefu, laini kama maji. Kinanda akatabasamu, akainamisha kichwa kwa adabu.

"Nimekuuliza kama wewe ni punda," Mama akasema. "Umekubali."

Kinanda akarudi nyuma hatua moja. "Unaijua?"

"Unadhani magodoro huota dukani? Nimekwenda kwao kununua mzigo miaka kumi na miwili. Yule bibi alizama kisimani, anatafuta kitana chake tu. Filamu ya kuliza! Ningeitengeneza hiyo, ningewalipa wenyewe. Hii yako hawaidai, maana si yao."

"Basi ni yangu! Nipe changu!"

"Yako? Na sahihi ile yenye mikia ni ya nani? Twende kwa hakimu, baba. Ukisema ulitafsiri, atakuomba utafsiri mbele yake. Ukisema ulitunga, atauliza barua ya muhuri wa kiazi aliiandika nani. Gari nilimwahidi mkalimani. Umemwona wapi?"

Kinanda akageukia mlango wa ukumbi. 

Humo ndani bibi kizee alifika darini. Ukumbi ukapiga yowe, kisha yowe likageuka kicheko cha kutikisa kuta. Mkata tiketi akatoka anafuta machozi kwa shati.

"Aliyetunga hii ni fundi! Wallahi ni fundi! Ni nani huyo?"

Kifua cha Kinanda kikajaa. Mdomo ukafunguka. Mama Magodoro akamtazama kwa utulivu, anangoja.

"Wageni," Kinanda akasema. "Watu wale wana akili sana."

Akashuka ngazi, akalipita gari jeupe bila kuligeukia, akaenda zake kwa miguu. Barabara nzima, madirisha yakafungwa mbele yake, moja baada ya jingine.