Babu Anavisubiri Vitabu Vyote

Jumatatu, 9 Juni

Siku ya kihistoria. Mkutubi Mkuu ametangaza katika kikao cha asubuhi kwamba nafasi ya kudumu katika kitengo cha huduma kwa wasomaji itajazwa Jumatano ya wiki ijayo. Wanagenzi tuko wawili: mimi, na yule ambaye maktaba nzima inamwita Bi Gundi, kwa kuwa tangu aripoti kazini hajaacha kubandika kurasa zilizochanika. Mmoja atabaki. Mwingine atapewa barua ya shukrani na kuonyeshwa mlango.

Mama amekwisha kuwatangazia majirani kwamba mimi ndiye mkuu wa mitambo. Kwa hiyo mlango haumo katika mipango yangu.

Tuliombwa mapendekezo ya kuboresha huduma. Bi Gundi alipendekeza wasomaji wanaosubiri vitabu wapigiwe simu. Simu. Katika zama hizi. Mimi nilisimama, nikafunga kifungo cha koti, nikaeleza kwamba nitaandika programu ya kuuchungulia mfumo wa maktaba bila kuchoka: kitabu kikirudishwa tu, aliye mbele katika foleni ya kukisubiri anapata ujumbe, kwa Kiswahili sanifu. Nikaongeza kwamba itakuwa tayari Alhamisi. Sijui kwa nini niliongeza hilo.

Wenzangu walitazama saa zao. Nimelipokea hilo kama heshima.

Mama Mhuri, karani wa kaunta, ambaye hugonga mhuri kana kwamba anaua mende, aliuliza iwapo programu hiyo itampatia pia kiti kisichoyumba. Niliweka swali lake chini ya "mengineyo".

Jumatano, 11 Juni

Imekamilika. Nimeiita Tarishi.

Jaribio lilihitaji msomaji asiye na uwezekano wa kulalamika. Nikamsajili babu yangu mzaa mama, aliyetutoka zamani bila kukanyaga maktaba hata siku moja. Jina lake kamili, mwaka wake halisi wa kuzaliwa, namba ya simu yangu. Sasa Babu ana kadi. Ukoo unasonga mbele.

Kisha nikaandika mistari mingine michache ya kumweka Babu kwenye foleni ya kusubiri. Mtu wa kawaida angemweka asubiri kitabu kimoja. Mimi si mtu wa kawaida. Nilimweka asubiri vyote.

Nikarudisha kitabu kimoja cha ufugaji wa nyuki. Simu ikatetemeka mfukoni: "Mpendwa Msomaji, kwa unyenyekevu na bashasha tunakutaarifu..." Nilifunga kompyuta, nikaondoka nikipiga mluzi.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi foleni ya kaunta ilifika hadi kwenye ngazi. Nilifurahi. Foleni ni dalili ya huduma inayopendwa.

Haikuwa hivyo. Kanuni ya maktaba yetu inasema kwamba kitabu kinachosubiriwa na mtu hakiazimwi kwa mwingine, wala aliyenacho haongezewi muda. Fundi cherehani alitaka kitabu cha mitindo: kinasubiriwa na Babu. Binti anayesomea uuguzi alitaka kuongezewa muda wa kitabu chake cha mifupa: kinasubiriwa na Babu. Mwalimu mstaafu, ambaye huja kwa ajili ya magazeti na ugomvi, aliuliza mlafi huyo ni nani, na kama vitabu anavisoma au anavila.

Nilikimbilia mezani kwangu ili nimfute Babu kabla jambo halijakua. Jambo lilikuwa limekwisha kukua. Mkutubi Mkuu alikuwa amekaa kwenye kiti changu, anatabasamu. Idadi ya vitabu vinavyosubiriwa, alisema, imepanda kwa siku moja kuliko siku nyingine yoyote tangu maktaba ifunguliwe. Na yote ni kazi ya msomaji mmoja, mzee wa miaka mia na mitatu. Alisema hayo ameweka mkono kifuani. Kisha akaniuliza kama ni Tarishi wangu aliyemvuta.

Neno "ndiyo" lilinitoka kabla sijaliona likipita.

Amekwisha kumpigia simu Mwenyekiti wa Bodi. Mzee ataenziwa Jumanne, mbele ya wafanyakazi wote. Siwezi tena kumfuta. Kumfuta Babu ni kujifuta mimi.

Ijumaa, 13 Juni

Mama Mhuri ameanzisha utaratibu wake. Kila anayetaka kitabu aombe idhini ya Babu mwenyewe, maana namba yake si imo kwenye mfumo.

Nimeshinda stoo, kati ya mafurushi ya magazeti ya zamani, nikipokea simu kwa sauti ya kikongwe. Binti wa uuguzi alinieleza kwamba ana mtihani Jumatatu na bila mifupa ameisha. Nilimpa idhini, nikampa na baraka. Fundi cherehani aliniuliza kama kweli kwa umri wangu nataka kushona magauni. Nilimwambia ashughulike na futi yake. Kufikia saa sita nakiri nilikuwa nimeanza kunogewa. Katika maisha yangu hakuna aliyepata kuniomba idhini ya kitu chochote.

Alasiri ikaja simu nyingine. Nikakohoa kidogo, nikasema haloo mwanangu. Mpigaji akajitambulisha kuwa anatoka maktaba. Anawapigia wasomaji wote wanaosubiri vitabu, na leo ni zamu yangu. Sauti ilikuwa ikija kutoka kwenye simu. Ilikuwa ikija pia kutoka nyuma ya rafu.

Bi Gundi alijitokeza, simu ingali sikioni. "Shikamoo, Babu."

Nami, kwa malezi mema tu, nikajibu marahaba.

Alicheka hadi akaketi juu ya furushi la magazeti. Nilipomfafanulia kwamba huu ni mkakati wa muda, aliniuliza kama Babu anakunywa chai na sukari au meno hayaruhusu. Amesema hatamwambia mtu, maana utamu kama huu haugawiwi ovyo. Lakini nikishindwa kuwaachia watu vitabu vyao kufikia Jumatano, atavitoa kwenye foleni yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kwa mkono, na atasema kwa nini.

Mwanamke mgumu. Kila nilipopita kwenye korido hadi jioni alinipisha njia na kunishika kiwiko ili nisianguke.

Jumamosi, 14 Juni

Nahitaji Babu mwenye mwili.

Nimekwenda kwa mjomba, kaka mkubwa wa Mama, ambaye ni kinyozi. Alikubali kabla sijamaliza sentensi. Kuwa baba yake mwenyewe, alisema, ni kazi anayoifanya tangu mzee afariki, ila hakuna aliyempa sherehe. Sharti lake ni moja: akae mbele.

Kasoro ni umri. Mjomba ana miaka sitini, na nywele anazipaka rangi nyeusi kuliko viatu vyangu. Amenihakikishia kwamba kinyozi hakosi poda.

Nimemfundisha sentensi moja tu: "Kijana huyu, kwa Tarishi wake, amenirudisha katika usomaji." Ameisema vizuri sana, mara kadhaa, huku akimnyoa mteja. Halafu akaniuliza Tarishi ni mtoto wa nani.

Jumanne, 17 Juni

Mjomba alifika na fimbo, miwani ya mke wake na poda hadi kwenye nyusi. Alitetemeka kwa kiwango ambacho hatukukubaliana. Mwenyekiti wa Bodi alimpa mkono wa kuegemea. Ukumbi mzima ukasimama. Mama Mhuri alisema kwa miaka mia na mitatu babu huyu katunzwa vizuri. Mjomba akamjibu kwamba siri ni kunyoa mara kwa mara.

Bi Gundi alimletea kiti na maji, akamwamkia shikamoo Babu, huku akinitazama mimi.

Mkutubi Mkuu akamwuliza ni kitabu gani anachokipenda zaidi. Swali hilo hatukuliandalia jibu. Mjomba alifikiri, akasema alishindwa kuchagua, ndiyo maana akavitaka vyote. Makofi. Mwenyekiti alipangusa jicho.

Hapo ningependa shughuli ifungwe. Lakini kumpa kinyozi hadhira iliyoketi na isiyoweza kuondoka ni kosa. Aliongea kuhusu taa za chumba cha kusomea, ambazo zinawafaa popo. Aliongea kuhusu rafu za juu, akauliza kama zimejengwa kwa ajili ya twiga. Alikitaja kiti cha Mama Mhuri, ambacho sijui amekijuaje, na Mama Mhuri akapiga kigelegele. Tarishi hakutajwa. Nilikohoa ili nimkumbushe. Akasema vijana wa siku hizi wanakohoa sana, wanywe maji ya moto.

Mwenyekiti alisimama akiwa ameguswa. Akatangaza papo hapo kwamba katika usaili wa kesho wasomaji lazima wawe na mwakilishi wao mezani, na mwakilishi huyo ni mzee huyu.

Nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mezani kwa wasaili nina mjomba. Nimewahi kusikia watu wakililalamikia jambo hilo. Sasa naona lilivyo na faida.

Jumatano, 18 Juni

Usaili. Mezani: Mkutubi Mkuu, Mwenyekiti, mjomba. Nilimtabasamia mjomba. Alinitazama kama mteja aliyeruka foleni.

Mwenyekiti aliuliza kuhusu maboresho. Nilijibu kwa ufasaha, kwa vipengele. Ndipo mjomba, kwa sauti ya kutetemeka, akaomba kuniuliza swali. Alhamisi, wasomaji waliporudi nyumbani mikono mitupu, mimi nilikuwa wapi? Mwalimu mstaafu, kumbe, hunyolewa kwa mjomba, na akiwa kwenye kiti hafungi mdomo.

Nilijibu kwamba nilikuwa nikiboresha huduma. Mjomba aliguna, akashusha kalamu kwenye karatasi ya alama, akaandika kitu kifupi.

Bi Gundi aliulizwa swali hilo hilo. (Nilikuwa karibu na mlango kwa sababu za kikazi.) Alisema alikuwa kaunta, akiwatafuta kwanza wenye mitihani. Hakutumia kipengele hata kimoja.

Alasiri matokeo yakatolewa. Wasaili wawili waligawanyika: Mwenyekiti alinitaka mimi, Mkutubi Mkuu alimtaka yeye. Mwakilishi wa wasomaji ndiye aliyeamua. Bi Gundi.

Nilimfuata mjomba hadi dukani kwake, poda ikiwa bado kwenye masikio. Nilimwuliza amenifanyia nini. Alisema angenichagua mimi watu wangesema ni undugu. Nikamkumbusha kwamba hakuna anayejua sisi ni ndugu. Alisema yeye anajua.

"Halafu, mjomba," akaniambia, akinitazama kwenye kioo, "nilivyokuona leo, ungekuwa kinyozi nisingekupa wembe."

Amebakizwa kuwa mwakilishi wa kudumu. Kamati hukutana kila mwezi. Anakaa mbele.

Barua yangu ya shukrani ilikuwa tayari imechapwa. Bi Gundi ameomba nibakizwe kidogo, chini yake, nimsaidie kupiga simu. Agizo lake la kwanza: Babu atoke kwenye foleni zote, leo. Nimetii, kwa programu, bila shaka. Nilisahau kwamba Tarishi humtaarifu kila msomaji ambaye kusubiri kwake kumefutwa. Kwa kila kitabu. "Mpendwa Msomaji, kwa majonzi yasiyomithilika..." Simu ilitetemeka hadi ikaanguka kutoka mezani, ikapata joto, ikazimika. Bi Gundi alivua miwani, akaniambia poleni na msiba.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeshinda nikipiga simu kwa wasomaji, kwa simu ya ofisi. Binti wa uuguzi amefaulu mifupa. Aliniuliza kama mimi ni mjukuu wa yule babu, maana sauti zinafanana, akaniomba nimfikishie salamu. Nilisema nitazifikisha.

Mama amewaambia majirani kwamba nimehamishiwa mawasiliano.

Nimetafakari kwa kina na kosa langu nimeliona. Nilimtegemea ndugu. Mpango wa kitaalamu hauwezi kuachwa mikononi mwa mtu mwenye maoni yake. Isitoshe, Babu alikuwa msomaji mmoja mwenye tamaa. Kinachohitajika ni msomaji mwenye busara.

Kwa hiyo asubuhi, kabla Bi Gundi hajafika, nimekamilisha programu ya kukusanya maoni ya wasomaji kuhusu wafanyakazi. Kwa ajili ya jaribio nimemsajili Bibi, mke wa Babu, ambaye naye alikwisha kututoka. Ili jaribio liwe kamili, Bibi ametoa maoni juu ya kila mfanyakazi. Kuhusu Bi Gundi amesema ana bidii. Kuhusu mimi amejizuia asizidishe: kurasa mbili.

Saa tisa Mkutubi Mkuu alinijia na kurasa hizo mkononi. Hajapata kusoma maoni yaliyoandikwa kwa ufasaha kama huo. Aliuliza kama huyu ni mke wa yule mzee wetu, na kama anaweza kuja kuonana na Bodi Jumatatu.

Nimesema ndiyo.

Naelekea nyumbani. Natafuta namna nzuri ya kumwomba Mama.