Programu ya Bure na Siku ya Dote ya Reine

Kamembe, Rusizi

Kwa Papa Muhigirwa,
Mfanyabiashara wa vitenge, Bukavu

Kuhusu: Ombi la kuahirisha dote kwa sababu ya programu ya kupanga mafaili

Papa Muhigirwa mheshimiwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wote wa nyumba yako. Sisi huku tu wazima wa mwili. Utaona kwamba nimekuandikia kwa Kiswahili cha shule, wala si kile chetu ambacho mimi na wewe tulikua nacho Bukavu kabla familia yangu haijarudi Rwanda. Nimefanya makusudi, ili ujue kwamba nimekasirika.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu mnavuka daraja la mpakani kuja kumwomba binti yangu Reine kwa ajili ya mwanao Ghislain na kuleta dote, yaani mahari. Hema limekodiwa, viti vimekodiwa, na Maman Reine ameshaagiza samaki. Pamoja na hayo yote nakuomba, kwa heshima kubwa, msije. Msije mpaka Ghislain atakapokuja peke yake kuondoa kitu alichokiingiza katika kompyuta yangu. Ni programu ya kupanga mafaili, ya bure, na ubaya wake nimeuandika hapa chini kwa nambari. Unanijua mimi ni mtu wa protokoli. Arusi zote kubwa za Kamembe ni mimi ninayewaonyesha wageni pa kukaa, na siwezi kulalamika ovyo ovyo kama mtu aliyekosa kiti.

1. Kwanza, ubure wenyewe. Ghislain alifika hapa Jumapili baada ya misa, akanikuta natafuta hotuba fulani ndani ya kompyuta huku natokwa jasho. Akaniambia kuna programu nzuri ya kupanga mafaili, haiuzwi, mtu anaishusha tu kutoka mtandaoni. Nikamuuliza ni ya nani. Akasema ni ya watu wengi wasiojuana, wamesambaa duniani, kila mmoja akipata nafasi anaongeza kipande chake, halafu wanampa yeyote anayetaka. Papa Muhigirwa, wewe unavuka kila siku kuja kuuza vitenge kwenye soko letu. Umewahi kumpa kitenge mtu usiyemjua, bila hata kumuuliza jina? Sokoni kwetu ukionjeshwa kipande cha nanasi, unajua umeshanunua. Sasa kijana anakuja kuniomba binti, na kitu cha kwanza anachoniletea kimetolewa na watu ambao yeye mwenyewe hajui kwao. Nikaanza kujiuliza ng'ombe wa dote watakuwa wa namna gani. Labda mtaniambia niwashushe mwenyewe.

2. Programu ilipoanza kuingia, ilileta kwenye kioo masharti marefu kwa Kifaransa, maana katika lugha zake Kiswahili hakikuwemo. Chini yake palikuwa na kitufe cha kukubali. Ghislain hakusoma hata mstari mmoja. Alibonyeza "Nakubali", akabonyeza "Endelea", akabonyeza tena "Endelea", akabonyeza "Maliza", na mimi bado natafuta miwani yangu. Sasa wewe unajua desturi. Mtu akija kuomba, kwanza anakataliwa. Msemaji wetu atawaambia hapa hakuna msichana, mmepotea, nyumba ya wasichana ni ile ya pili. Mtabembeleza, mtasifu ukoo wetu, tutawakumbusha jambo baya ambalo babu yako alimfanyia babu yangu hata kama halikutokea, na jua litageuka. Ndiyo heshima yenyewe. Programu hii haikukataliwa hata mara moja. Imeingia nyumbani mwangu kwa kidole cha mtu ambaye bado si wa nyumba hii, na ikajiwekea picha yake katikati ya kioo, mahali ambapo mimi huwaweka maharusi.

3. Hapa ndipo kazi yangu ilipotukanwa. Zamani mafaili yangu yote yalikaa kwenye kioo, mbele, kila moja nikiliona. Nilikuwa nimeyaweka kwa cheo. Juu kabisa hotuba za mapadri, pembeni viongozi, katikati wakwe, chini vijana, na kule kwenye kona mambo ya nyumbani. Ghislain aliita hiyo fujo. Programu yake imeyaingiza yote kwenye folda moja na kuyapanga kwa alfabeti, kwa hiyo "Choo kipya, picha za fundi" imekaa juu ya "Padri Osée, hotuba ya jubilei". Nilipolalamika, akanionyesha kwamba naweza kuyapanga kwa ukubwa. Nikapanga kwa ukubwa. Aliyekuja mbele ya wote ni shemeji yangu Bruno, kwenye video ile anacheza bila shati. Nikapanga kwa tarehe, watoto wa juzi wakakaa mbele na wazee wakatupwa nyuma karibu na jikoni. Ningepanga arusi hivyo hata siku moja, watu wangechukua zawadi zao wakarudi nazo. Na Ghislain alikuwa anatabasamu, Papa Muhigirwa, akiniuliza kama nimeelewa.

4. Nambari hii ilihusu mafaili yaliyofichwa, ambayo programu iliyafichua mbele ya watu waliokuja kunywa chai. Maman Reine ameisoma akasema niifute. Nimeifuta, lakini nambari inabaki.

5. Programu ilijitia kukagua, ikatangaza kwamba nina picha moja iliyorudiwa rudiwa mahali pengi. Ikasema zinakula nafasi, ikanishauri nibaki na moja. Nilitazama ni picha gani. Ni Reine siku ya komunyo yake ya kwanza, pale nje ya kanisa Cyangugu, amefinya macho kwa sababu ya jua la ziwani na soksi moja imeshuka. Nilikuwa nimeiweka kila mahali makusudi. Iko kwenye bili za umeme, iko kwenye hotuba, iko kwenye bei za viti, ili popote nitakapofungua nimkute. Hiyo si takataka. Mtu anayeingia nyumbani kwangu kwa mara ya kwanza na kuniambia niwe na Reine mmoja tu, na huyo mmoja tayari mnakuja kumchukua, huyo hanitakii mema.

6. Sasa sikiliza hii, maana hapa niliacha kucheka. Programu hii inagawa kioo pande mbili, kushoto na kulia, na katikati kuna mstari. Faili likiwa upande huu unalivuta kwenda upande ule, na likifika kwenye mstari programu inauliza: nakili au hamisha? Ghislain alinifundisha vizuri, siwezi kumsingizia. Alisema ukinakili, faili linakwenda kule na hapa linabaki. Ukihamisha, linakwenda kule na hapa hakibaki kitu.

Nikamuuliza kijana wako kuhusu Reine ana mpango gani. Alidhani natania.

Usiniambie kwamba Bukavu ni pale tu. Najua ni pale tu. Nikisimama mlangoni naona taa zenu, nimeziona miaka yote na hazijawahi kunisalimia. Usiniambie pia kwamba watu wanavuka daraja kila siku na vikapu vichwani, na kwamba wewe mwenyewe unakunywa chai ya asubuhi kwako na ya mchana kwetu. Wewe unavuka na vitenge na jioni unarudi navyo vilivyobaki. Reine hatarudi jioni.

7. Mwisho, na hili ndilo kubwa. Programu inatafuta, na inapata.

Tangu kompyuta iingie nyumba hii, mimi ndiye ninayepoteza na Reine ndiye anayepata. Nilikuwa nampigia simu huko famasi anakofanyia kazi, namwambia hotuba imepotea. Anasema, Papa, hakuna kitu kinachopotea, subiri nitoke. Akitoka anakuja moja kwa moja hapa, anakaa kwenye kiti changu akiwa bado na koti lake jeupe la famasi, ananisukuma kwa bega, anafungua huku na huku, ananicheka kwa majina niliyoyapa mafaili, anapata, kisha Maman Reine anamwekea chakula na anakaa. Mara nyingine, nakuambia kama baba kwa baba, kitu hakikuwa kimepotea.

Ghislain amenionyesha pale juu pa kuandika. Unaandika maneno mawili, mafaili yanakuja yenyewe, yamejipanga, kabla hujainua mkono. Alisema: nimekufanyia hivi, Papa, ili Reine akishaondoka usihangaike. Alisema kwa upole mkubwa. Na toka Jumapili hiyo sijampigia Reine hata mara moja, kwa sababu sina la kumwambia. Ningemwambia nini? Kila kitu kiko.

Kwa hiyo fuata hesabu yangu taratibu, uone kama nimekosea. Kijana anataka kumwondoa binti nyumbani. Anajua binti ana kazi nyumbani. Anatafuta wa kushika kazi hiyo. Anampata bure, anamwingiza kwa kidole, anamfundisha baba kumtumia, na baba mjinga anashukuru, hata soda anampa. Hiyo inaitwa kulipa dote kwa programu. Nimefanya protokoli kwenye dote nyingi, Papa Muhigirwa. Nimeona wanaume wakileta ng'ombe aliyechoka, nimeona wakileta ng'ombe wa kuazima. Sijaona mtu aliyeleta kitu cha kukaa kwenye kiti cha binti kabla binti hajasimama.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Ghislain aje kuondoa programu. Mafaili yangu yarudishwe kwenye kioo katika ile anayoiita fujo, kila moja na cheo chake, na Bruno akae nyuma. Folda ile mpya ifutwe, na picha za komunyo ziachwe zilivyo. Jambo moja lipotee, jambo la maana, nisiweze kulipata peke yangu kwa namna yoyote. Hayo yakishafanyika tutaongea habari ya tarehe nyingine, kwa mfano mwaka ujao, au ule unaofuata, Mungu akitupa uzima.

Sina ugomvi na ukoo wako. Ghislain ana adabu, anasali, anavaa viatu safi, na Reine akimsikia getini anajifanya hajasikia, nasi wazee tunajua maana yake ni nini. Ndiyo maana nalalamikia programu na si yeye. Yeye ningekosa la kumlalamikia.

Nimalize kwa kumsalimu Maman Ghislain, umwambie sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, aliyotutumia ilifika ikiwa bado ya moto. Msalimu mwanao Christophe-Aimé na masomo yake, umsalimu bibi na mguu wake, na majirani wote walionunua nguo za siku hiyo uwaombe radhi kwa niaba yangu, wazikunje vizuri. Maman Reine anawasalimu pia. Amesoma barua hii yote, amesema niipeleke tu, kisha ameingia chumbani na sijui kama anacheka au vipi.

Aliye karibu kuwa mkwe wako, na anayelia kwa nambari,

Munyemana Fabien
Protokoli, Kamembe

N.B. Papa Ghislain, kiisha kuandika hii barua nilijisemea niitoe hii programu mi mwenyewe, nisisumbue mutoto. Nikafungua, nikatafuta fasi ya kuitoa, nikafinya kitufe yake. Njo ikaniuliza: uko na hakika unataka?

Nikabaki naangalia ile ulizo. Tangu hii mambo ya ndoa ianze, bantu bengi baliniuliza. Hema ya rangi gani, bageni ngapi, karatasi ya ubatizo iko wapi. Reine aliniuliza kama nampenda huyu kijana, nikasema nampenda, na ni kweli. Lakini kama niko na hakika, hakuna muntu aliniuliza, ata wewe, ata mama yake, ata padri. Iliniuliza kitu ya bure.

Nikafinya Hapana. Iko mu kompyuta, ibaki.

Mukuye tu, muvuke daraja ile Jumamosi yetu, musibadilishe kitu. Naomba tu kimoja: mbele ya mi kusema ndiyo, muntu moja wa kwenu asimame aniulize kama niko na hakika. Nitajibu niko nayo. Lakini muniulize, na muniache ninyamaze kidogo mbele ya kujibu.