Kaimu Mlio

Umma unaarifiwa, na aliyekwisha kuarifiwa anakumbushwa, kwamba Mamlaka ya Stakabadhi na Mihuri, Kanda ya Pwani ya Kaskazini, yenye ofisi yake Chumbageni mjini Tanga, ndiyo ofisi ya kwanza katika ukanda wote huu ambamo kazi haionekani tu, bali inasikika. Ofisi nyingine bado ziko gizani. Huko mtumishi huandika tangu asubuhi hadi alasiri, na mwananchi aliyekaa kwenye benchi hajui kama ndani kuna mtu au kuna feni.

Fikra hiyo haikushuka kutoka makao makuu. Ilimpata Mkurugenzi wa Kanda, Bwana Wilfred Kingazi, pale pale koridoni, siku moja alipokuwa akipita na kikombe chake cha chai. Mlangoni kwa wachapaji alisikia ko, ko, ko-ko, ko. Akasimama hadi chai ikapoa. Alikuwa ameongoza ofisi tatu katika utumishi wake na hakupata kusikia kazi ikitoa sauti ya heshima namna ile.

Mlio ulitoka mezani kwa Anastazia Ndunguru, mchapaji wa mkataba, mwaka wake wa saba. Baba yake alikuja kukata mkonge akitokea Songea, akazeeka na kuzikwa huku huku, na Anastazia hakurithi kwake shamba wala nyumba, ila vidole vyepesi. Kibodi aliyokuwa akiitumia haikuwa ya serikali. Aliiunda mwenyewe kipande kwa kipande, miezi kumi na minne, katika duka la Dilshad, Barabara ya Nane. Mbele ya duka huuzwa chaja na kava za simu. Nyuma, kwenye meza yenye taa ya kuinama, hukutana watu wenye maradhi yao.

Ni maradhi ya masikio. Mtu mzima, mwenye mke na watoto, anafungua kitufe kimoja kimoja, vitufe themanini na saba, anapaka swichi yake mafuta kwa kibrashi kidogo, anafunga, anabonyeza, anafumba macho. Wapo wanaopenda mlio wa tiki kama kiberiti, na wapo wa ko, na makundi hayo mawili hayapeani chai. Wapo wanaotaka taa za rangi zikimbizane chini ya vitufe. Anastazia alikuwa na msimamo juu ya hilo na hakuuficha: taa ni za harusi, kibodi ya kazi haiwaki. Yake ilikuwa ya rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, na chini yake aliweka sponji ili isivume kama bati. Wakimuuliza ni ghali kiasi gani alijibu kwamba wengine hununua vitenge. Dilshad yeye alikuwa na jibu moja kwa wote wanaolalamikia bei, kwamba plastiki ni ya bure, kinachouzwa ni usiku wake wa usingizi.

Basi Mkurugenzi akaunda Kamati ya Mlio, Sura na Thamani ya Kibodi. Mwenyekiti alikuwa Bwana Godlisten, Afisa Utumishi, mtu ambaye hajawahi kukutana na jambo dogo. Kamati ilikwenda Pangani siku tatu kwa sababu Tanga kuna kelele. Wajumbe walisikilizishwa kibodi kumi na moja wakiwa wameinamisha vichwa, wakajaza fomu yenye maswali kama: je, mlio huu unamfanya mwananchi ajisikie anahudumiwa, au anajisikia anasumbua? Anastazia alipelekwa kama mtaalamu, akakalishwa nyuma karibu na maji ya kunywa. Alisema mara moja tu, kwamba mlio mzuri hautokani na kibodi peke yake, mkono nao una sehemu yake. Kauli hiyo haikuingizwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Kukatoka Waraka. Kila daraja lilipewa mlio wake. Mkurugenzi alipewa mlio mzito, wakuu wa vitengo mlio wa kati, maafisa wote waliobaki tiki. Afisa asiguse kibodi ya daraja lililo juu yake, ili milio isichanganyike na itifaki ikavurugika. Vibarua wa mkataba, kwa kuwa hawana daraja, hawakupangiwa mlio wowote, wakapewa kibodi za mpira zisizolia kabisa. Anastazia akarudisha yake nyumbani imefungwa kwenye kanga. Ilimuuma, lakini hakusema, kwa sababu alikuwa na jambo kubwa zaidi la kusubiri.

Jambo lenyewe ni barua ya kuthibitishwa kazini. Mkataba wake wa mwisho ungeishia tarehe thelathini ya mwezi ule, na baada ya mkataba wa saba hakuna wa nane. Ni kuthibitishwa au kwenda nyumbani. Faili lilikuwa limepita kote, limegongwa mihuri yote, limebaki mezani kwa Mkurugenzi miezi tisa. Kanuni ilitaka barua ile iandikwe na Mkurugenzi mwenyewe, kwa vidole vyake, tangu mtumishi mmoja wa zamani alipojithibitisha mwenyewe mara mbili. Kila Anastazia alipouliza aliambiwa linashughulikiwa.

Kibodi ya Mkurugenzi iliundwa na Dilshad. Bamba la shaba nyeupe ndani, swichi za kuagiza, vitufe vyeusi vyenye herufi za dhahabu. Dilshad alitaja laki sita. Bwana Godlisten akasema haiwezekani. Dilshad, mtoto wa duka, akajiandaa kupunguza, lakini Godlisten akaeleza kwamba wakuu wa vitengo zao ni laki tano, na tofauti ya laki moja baina ya mkuu na bosi wake ni utovu wa nidhamu. Wakavutana. Dilshad akashikilia laki sita na nusu kwa hofu ya Mungu, Godlisten akakaza, wakakubaliana laki tisa. Dilshad alimsimulia Anastazia baadaye kwamba tangu babu yake afungue duka lile hawajapata kuona mteja akipandisha bei.

Kibodi ikafungwa mezani. Matundu ya hewa juu ya mlango wa Mkurugenzi yakazibuliwa, ili mlio mzito ufike hadi kwenye mabenchi. Kila kitu kikawa tayari, na wananchi wakasikiliza.

Wa kwanza kugundua alikuwa Mzee Uweso wa Nguvumali, muuza nazi. Huyu maisha yake yote anagonga nazi kwa kucha na kukwambia ina maji au imekauka, na alikuwa na wiki ya tatu anafuata cheti cha mzani wake. Benchi lilikuwa limejaa. Tiki zilikuwa zinalia, milio ya kati inalia kwa mbali.

"Samahani yakhe," alimwambia mlinzi. "Siye tuliambiwa kuna mlio mzito. Mbona siusikii?"

Mlinzi akasema Mkurugenzi yumo.

"Najua yumo. Gari lake nimeliona. Wanasema debe tupu haliachi kuvuma. Hili la ndani limejaa nini, hata lisivume?"

Benchi likatega sikio. Likatega siku ile, na kesho yake, na wiki nzima. Kabla ya hapo mwananchi wa Tanga alikuwa na dhana tu kuhusu kazi ya Mkurugenzi, na dhana si ushahidi. Sasa alikuwa na kipimo cha laki tisa. Watu wa Mwera wakawa wanampigia mlinzi kabla ya kupanda basi. Zito limelia? Halijalia. Basi likilia nibipu.

Habari zikamfikia Mkurugenzi, akaita kikao cha dharura na Bwana Godlisten. Kuziba matundu kungekuwa kukiri. Kuandika mwenyewe hakukujadiliwa. Bwana Godlisten akapendekeza nafasi mpya ya Kaimu Mlio, mtumishi atakayeingia ofisini kwa Mkurugenzi saa mbili kila asubuhi na kubonyeza. Afisa hawezi, maana Waraka unamkataza kugusa kibodi ya juu yake. Lakini kibarua hana daraja, na asiye na daraja hana wa juu yake, kwa hiyo kisheria yuko huru kabisa. Wakatazamana, wakamwita Anastazia.

"Andika chochote," Mkurugenzi alimwambia, akiwa amejinyoosha kwenye kochi na simu yake. "Mradi ilie."

Ukweli usemwe, alipoweka vidole alisahau kuona aibu. Ilikuwa kibodi bora kuliko zote alizowahi kugusa. Ilishuka laini na kurudi bila kusita, na mlio wake ulikuwa mzito na mfupi, hauna mkia. Siku ya kwanza aliandika Baba Yetu mara sitini. Siku ya pili akachoka, akavuta faili la juu katika lundo lililokuwa linamsubiri Mkurugenzi, akaandika jibu lake. Kisha la pili. Mkurugenzi alitia saini bila kusoma, kwa kuwa karatasi zilitoka katika mlio wake mwenyewe. Cheti cha Mzee Uweso kikatoka siku ya nne. Katika siku kumi na moja zikatoka barua mia na kitu. Koridoni watu walimsifu Mkurugenzi hadi wakamletea ndizi.

Faili moja hakuligusa. Lilikuwa limekaa hapo hapo, shubiri moja kutoka mkononi mwake, lina jina lake juu ya jalada. Kwa dakika kumi angekuwa amejiandikia, na bosi angesaini. Alilitazama kila asubuhi, halafu akavuta jingine. Hakutaka kuingia kazini kwa mlango wa wizi baada ya miaka saba ya kungoja mlango wa mbele. Usiku alilia, asubuhi akaja.

Kasi ile ikasikika hadi makao makuu. Tarehe thelathini, asubuhi, akateremka Mama Praxeda, Mkaguzi Mkuu, mama mfupi mwenye miwani na mkoba wa ukili, amekuja kumpongeza Mkurugenzi. Mkurugenzi alimpokea getini. Walisalimiana kwa heshima zote, wakaja taratibu koridoni huku yeye akieleza falsafa ya mlio na namna kiongozi anavyopaswa kutangulia kwa mfano. Juu ya vichwa vyao ikawa inashuka ko-ko-ko-ko-ko.

Mzee Uweso alikuwepo, safari hii kwa cheti cha jirani yake.

"Shikamoo mzee," Mama Praxeda akamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibu Tanga." Akamtazama Mkurugenzi, akatazama matundu. "Bosi huyu hapa kasimama nasi, na zito linalia kule ndani. Mimi mtu wa nazi, sijui mambo ya ofisi. Linalia lenyewe?"

Mama Praxeda akafungua mlango. Anastazia akasimama, kalamu sikioni, faili jingine mbele yake. Mkurugenzi alieleza kwa utulivu kwamba huyo ni Kaimu Mlio, kwa mujibu wa utaratibu. Mkaguzi hakubisha. Alivuta kiti, akasoma barua tatu, akauliza ameziandika nani. Akauliza mwandishi ana cheo gani. Anastazia akasema hana, na mkataba wake unakwisha leo saa tisa na nusu. Faili lake ni lile la bluu.

Mama Praxeda alilisoma faili la bluu tangu jalada hadi jalada. Kisha akaliweka mbele ya kibodi.

"Kanuni inataka uiandike mwenyewe, Bwana Kingazi. Iandike."

"Nitaiandaa kesho asubuhi, Mama, kwa umakini unaostahili."

"Nina nafasi sasa. Nitakaa nje na wananchi."

Akatoka, akakaa kwenye benchi kati ya Mzee Uweso na mama mmoja mwenye kuku. Wenye tiki wakaacha tiki zao.

Ko.

Watu wakangoja. Mama mwenye kuku akamziba kuku mdomo.

Ko.

"Huyo anatafuta," alisema Mzee Uweso kwa sauti ya chini, bila ubaya wowote.

Barua ilikuwa na mistari saba. Ilianza saa nne kasoro. Ilipofika saa tano Mkurugenzi alikuwa katikati ya jina, jasho linamdondokea kwenye herufi za dhahabu, kidole kimoja kiko hewani kinazunguka kama mtu aliyepotea mtaa. Akamtazama Anastazia aliyekuwa amesimama pembeni, mikono nyuma.

"Anastazia. Zeti iko wapi?"

"Chini kushoto, mzee."

Ko. Benchini mtu mmoja akapumua.

Adhana ya adhuhuri ilimkuta akitia saini. Mama Praxeda aliisoma, akasahihisha jina kwa kalamu, akagonga muhuri, akamkabidhi mwenyewe. Afisa Mwandishi Daraja la Tatu, kuanzia leo. Anastazia aliishika kwa mikono miwili. Alitaka kusema asante kwa ufasaha, akashindwa, machozi yakatangulia, na mama mwenye kuku akampa upande wa kanga yake.

Mkurugenzi naye alifuta paji la uso, akajitupa kwenye kochi, akamwambia Anastazia kwa upole aendelee sasa na yale mafaili yaliyobaki.

"Siwezi, bosi," alisema Anastazia, na alisema kwa masikitiko ya kweli, maana kibodi ile aliipenda. "Sasa nina daraja. Waraka unanikataza kuigusa."

Bwana Godlisten alipekua Waraka mara mbili, akathibitisha. Kibarua mwingine hakuwepo, Anastazia ndiye alikuwa wa mwisho. Mama Praxeda akasema utaratibu ni mzuri na usivunjwe, akauliza mafaili yaliyobaki ni mangapi. Yalikuwa arobaini na mawili. Akasema yeye yuko Tanga hadi Ijumaa, na benchi lile halimuumizi mgongo.

Mkurugenzi akarudi kwenye kiti. Nje, wananchi wakasogeza mabenchi karibu na mlango.