Kung'olewa kwa Msumari wa Hélène

Jongeeni, enyi mpendao habari za mashujaa. Zimeni simu, waketisheni wenye haraka, mpate kusikia jinsi Gaudence binti Hélène, msusi asiyeshindwa na kichwa chochote, alivyoingia dukani kwa Bakiri siku ya Jumanne akatoka na msumari mmoja.

Palikuwapo Diepsloot, mtaa wa mabanda huko kusini mwa Afrika, kanisa la mbao, lililojengwa katika zama za kati za mtaa ule, yaani baada ya bomba la maji kufika na kabla ya umeme. Kila nyumba ya Warundi na Wakongo ilileta ubao wake, na kuta zikasimama miaka kumi na mmoja, zikivuja kwa heshima. Kisha mwenye kiwanja akaleta tingatinga, na kabla ya adhuhuri historia yote ilikuwa imelala chini. Mbao zikatawanyika: mmoja ukawa mlango wa banda la kuku, mwingine ukaingia katika ukuta wa duka dogo la mtaani, spaza ya Bakiri, bwana wa mikebe, mlinzi wa sukari, aliyeununua kwa haki.

Katika ubao huo ulikuwamo msumari wa inchi nne, kichwa kimebonyea upande, kwa maana Hélène aliupigilia mwenyewe kwa jiwe, bila idhini ya kamati, apate pa kutundika mkoba wakati wa ibada. Hélène alifariki mwezi wa pili. Katika nchi hii ya ugeni hakuacha nyumba wala kiwanja. Kitu pekee alichokijenga kwa mkono wake ni msumari ule, na juu yake Bakiri alikuwa amelaza rafu ya samaki wa mkebe.

Gaudence aliuona alipokwenda kununua mkate. Mkate akausahau, akaenda kuazima nyundo kwa Thierry fundi viatu, akarudi.

"Kaka Bakiri," akasema, "sikuja kwa vita. Rafu ni yako, sukari ni yako, na ukuta nakuachia. Lakini msumari huu ni wa mama yangu, na leo utatoka, utake usitake."

"Eish, dada!" akajibu Bakiri, akiikinga mikebe kwa mikono miwili. "Mama Hélène alinisalimu kila asubuhi, Mungu amrehemu. Lakini msumari huo ndio unaobeba duka. Ngoja. Rafu nitaishika kwa bega, wewe vuta. Vuta polepole, usiupinde."

Ndipo vita vikaanza. Nyundo ikaushika msumari shingoni, ikateleza. Ikaushika tena, ubao ukalia kwa sauti kuu. Bakiri alisimama imara, mikebe kumi na saba begani, jasho likimtiririka, na nyuma yake wateja watatu wakingoja mkate na kutoa mashauri.

"Kushoto, sista, kushoto!" akaamuru mmoja wao, ambaye hakuulizwa.

Katika mvuto wa nne msumari ulitoka wote, na haukupinda. Mkebe mmoja ulianguka. Twautaja kwa kuwa mwandishi wa tarehe hafichi hasara. Gaudence akaufumbata msumari kiganjani, akalia mbele za watu bila haya, kwa sababu ulikuwa na joto, kana kwamba mama yake ameupigilia sasa hivi.

Basi na wasimuliwe wajukuu: saa nne na robo asubuhi msumari wa Hélène ulikwenda nyumbani, na Bakiri akabaki chini ya rafu, wala hakunung'unika, hadi Thierry alipofika na msumari mpya saa nane.