Koti la Bondia

Ndululu alikuwa ameegemea nguzo ya duka la Mama Tima, mjini Kitui, aliposikia mshono ukiachia huko ndani. Kwa wengine hiyo ni sauti ya hasara. Kwake ilikuwa kengele ya chakula.

"Hilo ndilo kubwa nililo nalo, mwanangu," Mama Tima alikuwa akisema. "Nguo hizi zimeshonewa wanawake wa kukaa ofisini."

"Na mimi ni ofisini naenda. Jumatatu niko na intavyu."

Aliyetoka alikuwa Syokau wa Zombe, msichana aliyekuwa akirusha tufe shuleni na kubeba mawe ya kujengea matuta shambani. Alikuwa amezunguka mji mzima. Koti la kumtosha mabega lilimning'inia kiunoni kama hema. La kumkaa kiunoni halikumruhusu kuinua mkono kusalimia mtu. Mafundi wawili walikuwa wamemkataa, eti mwili wake ungewaharibia jina. Kwapani alibana kitambaa kizuri cha sufu, rangi ya buluu.

Hicho kitambaa ndicho Ndululu alichokiona kwanza. Riziki yake ilitoka kwenye vitambaa vya watu: alipokea kimoja Kasikeu ili akishone, akakiuza Kitui, akapokea kingine Kitui, akakiuza Zombe. Sindano hakuwahi kushika, hata ya kutolea mwiba. Ofisi yake yote ilikuwa koti la kijivu la bondia mmoja wa Machakos, aliyempa akalipige pasi na hadi siku hiyo alikuwa akingoja. Kwa kuwa Mungu hakumjalia mabega ya bondia, Ndululu alijazia magazeti.

"Samahani, madam," akasema. "Usiwalaumu. Hawa hukata nguo kwa mazoea. Mwili kama wako unataka hesabu."

"Mwili kama wangu uko namna gani?"

Hapo ndipo wajanja wadogo huanguka. Ndululu akavuta pumzi. "Uko na kazi ndani yake. Mimi ni fundi Ndululu, huko Nairobi nashonea maaskari wanawake na warusha mkuki. Wote walikuja kwangu wakilia."

"Mimi sijalia."

"Ndiyo maana koti lako litatoka zuri zaidi."

Akachomoa tepu mfukoni, akampima bega hadi bega, akitaja inchi kwa sauti ya kasisi anayebatiza. Kosa lake lilikuwa dogo: alisoma upande usio na namba. Syokau aliona. Macho yake yalihama kutoka kwenye tepu, yakatua kwenye koti la fundi, yakakaa hapo.

"Hilo ulishona wewe?"

"Kila uzi."

"Basi nikuambie ukweli, fundi. Sisi tuko wengi. Kwaya yetu nzima ya kanisa inatafuta makoti, na kila mmoja ashanunua kitambaa."

"Wote wana mwili kama wako?"

"Mimi ndiye mdogo."

Ndululu akaona mbele yake robota zima la sufu. "Waambie walete."

"Hawatakubali. Mwaka jana kuna mtu wa maneno matamu aliwalia vitambaa."

Ndululu akatikisa kichwa kwa masikitiko, huku akijaribu kukumbuka kama ni yeye.

"Lakini wakiona kazi yako imekaa kwa mwili wa mwanamke, watakubali," Syokau akaendelea. "Niazime. Jioni nakuletea vyote, pamoja na hiki changu, ukate mara moja."

Busara ilimwambia Ndululu akatae. Tamaa ikamwambia busara inyamaze. Akalivua koti, kisha akaurudisha mgongo kwenye nguzo haraka, kwani shati lake lilikuwa la mbele tu. Nyuma liliungua zamani, na tangu hapo halikuwa na sababu ya kushonwa.

Syokau akakung'uta magazeti, akavaa. Mabega yakajaa, kiuno kikashika. Akainua mikono yote miwili juu, akasikiliza. Kimya. Alijitazama kwenye kioo cha duka muda mrefu kuliko alivyokusudia, maana hakuwa amezoea kukutana na yule mwanamke.

"Hiyo sasa ni nguo," Mama Tima akasema.

Jioni ikaja bila Syokau. Jumapili Ndululu akaenda kanisani, akapita akiambaa ukuta, akachungulia kwaya. Ilikuwa ya wazee wanaume watupu.

Alimpata baada ya wiki kadhaa, katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Syokau alikuwa nyuma ya meza, ndani ya koti la kijivu, na mbele yake wamekaa wanawake watatu wapana, kila mmoja na kitambaa mapajani.

"Nimekuja kwa sababu ya koti," Ndululu akasema kwa sauti ya chini.

"Huyu ndiye fundi Ndululu?" mmoja akauliza. "Madam ametuambia hiyo ni kazi ya mikono yako."

"Aliniambia mwenyewe," Syokau akasema kwa upole. "Kila uzi. Au ni la mtu mwingine, fundi?"

Askari wa mlangoni akasogea ili asikie vizuri. Ndululu akamtazama askari, akatazama vile vitambaa vitatu.

"Ni mimi," akasema.

"Basi kaa. Cherehani ya vikundi vya akina mama hiyo hapo. Anza na kile changu cha buluu, nataka koti la pili."

Ndululu akakaa. Akalamba uzi, akatafuta tundu la sindano kule juu, mahali ambapo sindano zote alizowahi kuziona zina tundu. Akalamba tena.

"Fundi," mwanamke mmoja akasema, "ya cherehani huwa na tundu chini."

Ndululu akaeleza kwamba mashine za Nairobi ni tofauti, akaomba ruhusa atoke kidogo apunge hewa. Akaruhusiwa. Walisikia viatu vyake vikitembea, halafu vikikimbia.

Syokau akalivua koti, akaligeuza ndani nje ili mishono ionekane, akalitandaza mezani juu ya kitambaa cha buluu.

"Haya," akasema. "Nani ako na chaki?"