Tumbo Langu na Nafasi ya Bukoba

Jumatatu, 4 Novemba 1968

Uniwie radhi, shajara yangu, kwa kimya cha tangu Pasaka. Sikuwa na la kuandika. Nilikuwa nikila.

Leo lipo. Duka la ushirika la Bukoba linataka mtunza ghala, naye atatoka hapa Muleba: mimi au Rutashobya, karani mwenzangu, aliyekonda tangu kuzaliwa bila juhudi yoyote. Kamati itakuja Jumamosi kututazama. Benigna anakaa Kitendaguro, mwendo mfupi tu kutoka duka hilo. Ni mjane, nami ni mpweke. Tangu Pasaka sijaketi barazani kwake.

Bwana Protase, meneja wetu, ameniita kando. Amesema wateja wakiliona tumbo langu huuliza sukari inakwenda wapi. Zama hizi mnene ni mnyonyaji. Nilimweleza kwamba tumbo hili ni urithi wa baba.

"Basi nalo litaifishwe," alisema.

Jumatano, 6 Novemba

Sijala ndizi tangu juzi. Natafuna punje za kahawa tu. Kichwa chepesi, miguu mizito.

Mama Anatolia, mnene kunipita, alikuja kununua chumvi akakwama kati ya kaunta na rundo la majembe yasiyonunuliwa. Bwana Protase akamwambia kuanzia leo ahudumiwe mlango wa nyuma.

"Mwanangu, ondoeni majembe," alisema. "Msiniondoe mimi."

Akanitazama nimtetee. Nikajifanya napanga viberiti. Bukoba, ee Bukoba!

Ijumaa, 8 Novemba

Senene, panzi wetu wa msimu, wameanguka! Jioni basi la Bukoba limeniletea furushi la majani ya migomba. Ndani, senene wa kukaanga, bado wananukia moshi. Kutoka kwa Benigna! Kwetu mwanamke hakunyonyolei senene kwa mzaha, na mwanamume hurudisha shukrani kwa nguo. Kubakiza ni kuidharau mikono iliyonyonyoa. Sikubakiza. Nikawaongezea sufuria ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, wasishuke peke yao. Nilikula nikitazama barabara iendayo kwake.

Jumamosi, 9 Novemba

Kifungo cha koti kimeruka asubuhi.

Kamati imefika. Mwenyekiti, Mzee Ishengoma, ana tumbo ambalo langu ni mjukuu wake. Alikwama palepale penye majembe. Bwana Protase akayahamisha yote kwa mikono yake. Mama Anatolia alikuwa mlango wa nyuma na chupa yake ya mafuta ya taa.

"Kumbe majembe yana miguu," alisema.

Nikaombwa neno. Hotuba nilikuwa nimeikariri wiki nzima, nami sikuweza kuisimamisha: kila tumbo kubwa ni deni kwa taifa, na mwenye nalo asipewe dhamana yoyote. Mzee Ishengoma alisikiliza, mikono juu ya lake. Rutashobya alitabasamu. Yeye hakusema chochote, akapewa mkono.

Jumapili, 10 Novemba

Baada ya misa Rutashobya ameonekana akinunua sanduku la safari. Si dalili ya lolote. Watu hununua masanduku. Mwenyekiti alinyamaza kwa sababu hotuba ilimgusa. Wiki hii nitaiandika upya, iwe kali zaidi, niipeleke kamati kwa mkono wangu. Mfungo naanza kesho.

Nimempelekea Benigna kitenge chekundu, na ujumbe kwamba anitengee kiti barazani, kilicho imara. Senene wakizidi, asiwape majirani.

Uamuzi ukitolewa, nitakuandikia.